Sahani Nyeupe ya Bwawa la Mwakiluje

Hadithi nyingi tunazotumiana huku kwenye simu, mjinga wake ni mtu mwingine: mfalme fulani, tajiri fulani, jirani fulani. Hii mjinga wake ni mimi. Isome mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama inafaa kumtumia mwenzio. Jina langu sitalitaja, na usidhani ni unyenyekevu. Ni aibu tu.

Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Nilipostaafu, kijiji kikanipa kazi ya kuangalia maji ya bwawa letu la Mwakiluje. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, na nadhani ndiyo maana niliidharau.

Afisa uvuvi mmoja, mama mpole asiyependa maneno mengi, ndiye aliyetuachia kifaa. Ilikuwa sahani nyeupe ya bati, kama ile ya kulia ugali, imetobolewa katikati, imefungwa kamba juu na jiwe chini. Kwenye kamba kulikuwa na fundo kila baada ya dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Unakwenda na mtumbwi mpaka katikati ya bwawa, unashusha sahani taratibu, unahesabu mafundo yanayozama mpaka sahani ipotee machoni. Ikionekana hadi fundo la nne, unapandisha bendera nyeupe na watu wanaogelea. Isipofika la nne, unapandisha nyekundu na watu wanabaki nchi kavu.

"Mwalimu," aliniambia siku aliyonikabidhi, "pale sahani inapopotea, ujue na mtoto akizama atapotea hivyohivyo. Na perege naye anatafuta chakula kwa macho. Maji yakiwa tope haoni kitu, matamvua yake yanaziba, na viota alivyochimba kwenye mchanga vinafukiwa."

Nilimwambia nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa, msinitafutie utetezi hapo.

Miaka ya mwanzo ilikuwa raha. Jumapili na sikukuu watu walikuja kutoka mjini na familia zao. Watoto walielea juu ya tyubu za magari, wazee walikaa na ndoano zao, akina mama wa kijiji walikaanga perege palepale kando ya maji. Ukisimama kwenye tuta la bwawa uliona samaki wanavyopita chini kwa makundi. Bwawa lilikuwa fahari yetu, na vijiji vya jirani vilituonea wivu waziwazi.

Kulikuwa na sheria ya kuacha hatua sitini za majani kuzunguka bwawa, ili yashike udongo mvua inaponyesha. Lakini kiangazi maji yanarudi nyuma na kuacha ardhi nyeusi yenye unyevu, na mkulima akiiona ardhi ya namna hiyo mikono inamwasha. Aliyeanza ni Mzee Luhende, mwenyekiti wa kamati ya bwawa. Aling'oa majani akapanda vitunguu. Mwaka uliofuata tukamwiga. Maji yakirudi nyuma hatua kumi, na sisi tunayafuata na majembe hatua kumi. Mimi nilikuwa na matuta manane ya nyanya, na zilikubali kwelikweli.

Mvua zikaja, zikabeba ule udongo tulioulegeza kwa majembe yetu na kuutia bwawani. Maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa.

Mara ya kwanza sahani ilipotea kwenye fundo la tatu. Nikapandisha nyekundu Jumapili mbili mfululizo. Wakaanga samaki wakanuna, vijana wanaokodisha tyubu wakanuna, na jioni Mzee Luhende akaja kwangu.

"Mwalimu, hivi hayo mafundo aliyafunga Mungu?"

"Aliyafunga afisa uvuvi."

"Basi ni binadamu. Na kamba yenyewe naona imeoza. Funga mpya."

Hakuniambia niifunge vipi. Ndiyo maana hata leo siwezi kumbebesha lawama zote.

Nikafunga mpya. Badala ya dhiraa, nikapima shibiri, yaani ncha ya kidole gumba mpaka ya kidole cha mwisho. Jumapili ile sahani ikaonekana hadi fundo la nne bila taabu, na bendera nyeupe ikapepea. Mwaka wa pili maji yalizidi kuchafuka, shibiri nayo ikawa ndefu mno, nikafunga tena kwa upana wa kiganja. Mafundo yalikuwa yamesongamana mpaka ukiyatazama unacheka. Lakini nani angeyatazama? Waliokuwa kando ya bwawa waliona mkono wangu ukishuka, wakasikia nikipaza sauti: "La nne!" Wakashangilia. Siku nyingine nilishangilia pamoja nao.

Samaki hawakudanganyika. Wavuvi wa ndoano kutoka mjini walikuja na viti vyao vya kukunja, wakakaa kutwa nzima, wakaondoka na chambo chao kilekile. Ndoano ilikuwa inaning'inia mbele ya perege asiyeiona. Kisha tukaanza kuwaokota pembeni wakielea, matamvua yamejaa tope. Waliobaki wakinenepa ni kambale peke yao, kwa sababu kambale anajua njia zake kwa sharubu.

Watu wakaanza kuuliza. Na watu wakiuliza, kiongozi mwenye matuta ya vitunguu lazima atafute mchawi. Mchawi akapatikana upesi, akaitwa Mama Kwandu.

Mama Kwandu alikuwa mjane aliyeishi kwa kuvua kambale kwa miguu. Sijui kama kwenu wapo watu wa namna hiyo. Anaingia majini bila nyavu wala ndoano, anatembea polepole huku akipapasa chini kwa nyayo. Akihisi kitu kinachojinyonga kwenye tope, anainama, anaibuka na kambale mikononi. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na alikuwa mtu wa mwisho kuiweza pale kijijini.

Sasa fikiria mtu anatembea kwenye tope. Nyuma yake panabaki mstari wa maji yaliyovurugika. Mstari huo uliuona hata ukiwa mbali. Hakuna aliyejiuliza mbona hata pale asipokanyaga yeye maji ni machafu.

Kikao kikaitishwa. Mimi ndiye niliyesimama kutoa maelezo, kwa Kiswahili changu cha darasani, kwamba uvuvi wa miguu unatibua tope la chini na kuua samaki. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mama Kwandu alikuwa amekaa mbele, miguu ameikunja chini ya kitenge.

"Mwalimu," alisema, "tope mimi nalikanyaga tu. Sikulileta mimi."

"Limeletwa na nani, basi?" Mzee Luhende akauliza kwa ukali.

Mama Kwandu akanitazama mimi, si mwenyekiti. Niliwafundisha watoto wake wanne. Nadhani aliamini kwamba mtu aliyezoea kusahihisha makosa ya watu angelisahihisha na lile. Nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Akapigwa marufuku kugusa maji ya bwawa. Akaanza kuuza karanga za kukaanga njiani, kwenye ungo.

Mwaka huo Ijumaa Kuu mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi jioni. Jumatatu ya Pasaka jua likawaka vizuri sana, na watu wakaja kwa malori na pikipiki, wengi kuliko miaka yote. Walikuwa wamebeba vyungu vya pilau, redio na watoto waliovaa nguo mpya.

Nilipiga kasia mpaka katikati, nikashusha sahani. Ikapotea kabla fundo la kwanza halijagusa maji. Nakumbuka niliikazia macho mahali ilipokuwa, nikaona uso wangu tu.

"Vipi, Mwalimu?" Mzee Luhende akapaza sauti kutoka kwenye tuta. Nyuma yake watu mia mbili walikuwa wananisikiliza.

Nikasema, "La nne!"

Wakaingia. Sitaeleza jinsi walivyofurahi, maana nikikumbuka vile vicheko nakosa raha hata ya kula.

Saa saba mchana nikasikia mwanamke anapiga kelele ya jina moja tu. "Nyamizi! Nyamizi!" Alikuwa mgeni kutoka mjini. Binti yake wa miaka saba alikuwa juu ya tyubu, akageuka kuchukua embe kwa mwenzake, akateleza. Tyubu ilibaki inaelea. Mtoto hakuonekana.

Wanaume wakajitosa, wengine na mashati. Walikuwa waogeleaji hodari, na pale maji yalikuwa ya kifuani tu. Lakini wakizama na kufungua macho walikuwa wanaona rangi ya chai. Waliibuka na tope viganjani, wakatazamana, wakazama tena mahali palepale ambapo mwenzao alishazama. Mama wa mtoto alikuwa akielekeza kwa mkono, "Hapa! Hapana, pale!" Hata yeye hakujua tena.

Ndipo nikasikia mtu ananiita kwa nyuma. Alikuwa Mama Kwandu, ungo wa karanga ameushika kwa mkono mmoja.

"Mwalimu, naruhusiwa kuingia?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anauliza kweli. Marufuku ilikuwa ya kijiji, nami ndiye niliyeisimamia, na mama wa watu alikuwa anaogopa kuivunja hata wakati mtoto anakufa.

"Ingia," nikasema. Nikarudia kwa sauti kubwa. "Ingia, mama!"

Akatupa ungo. Alipofika majini akawakemea wale wanaume kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Simameni! Msitibue! Kila mtu asimame alipo!"

Wakasimama. Akaanza kutembea, macho ameyafumba, akiburura nyayo kidogokidogo kama mtu anayetafuta sindano sakafuni gizani. Hatua tatu kushoto. Akasita. Hatua mbili mbele. Hata redio zilizimwa. Kisha akainama ghafla, maji yakamfunika, na alipoibuka alikuwa na Nyamizi mikononi.

Muuguzi mmoja aliyekuwa amekuja kutembea akamlaza mtoto nchi kavu, akampulizia kinywani, akamkandamiza kifua. Sijui ilichukua muda gani. Najua nilikuwa nimeahidi mambo mengi kwa Mungu kabla mtoto hajakohoa. Alitapika maji ya udongo, akavuta pumzi, akaanza kulia. Sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Mama yake alimkumbatia Mama Kwandu, wakaanguka pamoja pale chini. Kisha akainuka, akaja moja kwa moja kwangu. Akapiga magoti mbele ya watu wote na kushika mikono yangu yote miwili.

"Asante, baba. Wewe ndiye uliyemwita. Nilikusikia ukimwambia aingie. Mungu akulipe."

Watu wakapiga makofi. Nami, mtu mzima mwenye mvi, nikazipokea zile shukrani. Nikamwinua, nikasema tumshukuru Mungu. Mzee Luhende akanipiga bega. Kwa dakika moja nilijiona nimeokoka.

Pembeni yangu alikuwa amesimama mjukuu wangu Minza, wa miaka minane. Mama Nyamizi akamwona, akafuta machozi, akatabasamu. Nadhani alitaka tu kusema neno jema kwa mtoto.

"Huyu mjukuu wako? Mbona mkavu hivi, hata miguu haijalowa! Unaogopa maji, mwanangu?"

"Siogopi," Minza akasema. "Najua kuogelea. Babu alinikataza. Aliniambia asubuhi nisiingie leo, eti humo hata sahani haionekani."

Ni kweli. Nilimwambia hivyo wakati namfunga viatu, kabla sijatoka nyumbani, maana baada ya mvua ya Ijumaa nilijua bila kupima. Nilimtisha na fimbo ili asisahau. Wa kwangu nilimfungia viatu, na wa wenzangu nikawapandishia bendera nyeupe.

Makofi yalikoma, kwanza kwa walio karibu, halafu kwa walio mbali baada ya kuambiwa. Mama Nyamizi alikuwa bado ameshika mkono wangu. Akauachia.

"Ulijua?" akaniuliza.

Mzee Luhende akawahi kunijibia. "Mama, huyo ni mtoto, hajui asemalo. Watoto wanaota ndoto."

Akanikonyeza. Nilipewa mlango wa kutokea, na Minza alikuwa ananitazama akisubiri babu yake aseme kama yeye ni mwongo. Nimesahihisha mitihani maelfu maishani mwangu. Wa kwangu ulikuwa ule, na ulikuwa na swali moja tu.

"Mtoto anasema kweli," nikasema. "Nilijua."

Nikaenda kwenye mtumbwi, nikaleta sahani na kamba yake, nikaiweka chini mbele yao. Nikawaonyesha mafundo. Nikawaambia yalivyokuwa mwanzo, na yalivyosogea, na nani aliyasogeza. Nikawaambia tope limetoka kwenye matuta ya nyanya zangu na vitunguu vyetu, na kwamba Mama Kwandu alionewa, na mimi nilijua hivyo siku ileile ya kikao.

Nilitamani Mama Nyamizi anitukane. Nilitamani anipige hata kofi. Alimbeba mwanawe, akamwomba Mama Kwandu amsindikize mpaka barabarani, akaondoka bila kunitazama tena.

Kazi niliomba niiache, wakanikatalia. Mama Kwandu ndiye aliyesema, "Abaki. Ila kamba nitaishika mimi." Tangu siku hiyo tunakwenda wawili kwenye mtumbwi. Fundo linapimwa kwa mkono wake, siyo wangu. Yeye anashusha, mimi nahesabu kwa sauti, na nikihesabu vibaya ananirudisha mwanzo mbele ya watu.

Matuta niling'oa mwenyewe, ya kwangu kwanza. Mzee Luhende alichelewa sana kung'oa ya kwake, ila alinung'unika na kung'oa. Majani yamerudi. Ilichukua misimu mitatu ya mvua, na miaka yote hiyo bendera ilikuwa nyekundu na hakuna aliyekuja.

Pasaka iliyopita, kwa mara ya kwanza, sahani ilionekana hadi fundo la nne. La dhiraa. Mama Kwandu alirudia mara tatu kwa sababu mimi nilimwomba arudie. Chini ya sahani akapita perege, tukamwona mapezi yote.

Nilipandisha bendera nyeupe. Watu walikuwa wamekuja, si wengi. Walisimama kando ya maji wamewashika watoto wao mikono. Hakuna hata mmoja aliyeingia.

Mama Nyamizi alikuwepo, na Nyamizi mwenyewe, amekuwa mrefu. Yule mama alipita mbele yangu na bendera yangu, akaniamkia kwa adabu kwa sababu ya umri wangu, akaenda mpaka alipokaa Minza.

Akachuchumaa. "Babu yako leo kakuambiaje?"

"Kaniambia niingie."

"Basi ingia nikuone."

Minza akavua viatu, akaingia. Akaogelea mpaka kwenye maji ya kina na kurudi, na muda wote mama yule hakupepesa macho. Alipotoka ndipo mama akamwachia Nyamizi mkono, na wengine wote wakawafuata na watoto wao.

Mpaka leo iko hivyo. Kila mgeni akifika haulizi bendera ina rangi gani. Anauliza mjukuu wa Mwalimu yuko wapi, na kama amelowa.

Funzo: Usimwambie mtu yeyote kwamba mahali ni salama kwa mwanawe, ikiwa mwanao umemfungia viatu asiende.